Kutoelewa Maneno ya Kijapani miongoni mwa Wajifunzaji Wasio Rasmi: Historia Fupi kutoka Kagoshima 1549 hadi Mbeya 2007

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna maneno ya Kijapani yalivyoeleweka visivyo na watu waliojifunza lugha hiyo nje ya mafunzo rasmi: wamisionari, mabaharia, wafanyabiashara, askari, na katika zama za karibuni, watumishi wa viwanda na hospitali. Yanafuatilia mifano kutoka karne ya 16 hadi mwanzo wa karne ya 21, na kuonyesha kuwa makosa yaliyodumu zaidi hayakutokana na kutolijua neno kabisa. Yalitokana na neno kupita mikononi mwa lugha au mtu wa tatu na kuachana na mazingira yake, yaani nani humwambia nani, wapi na kwa heshima ipi. Makala yanahitimisha kwa kutazama istilahi za “kaizen” na S tano zilizoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, na yanapendekeza hatua kwa asasi zinazosimamia istilahi Afrika Mashariki.

Maneno msingi: Kijapani, istilahi, tafsiri, ujifunzaji usio rasmi, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Wazungumzaji wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili kutoka upande wa mwenyeji. Mgeni anayeshuka pwani hufundishwa “jambo”, salamu iliyokatwa kutoka “hujambo” na kuachwa bila kiambishi cha kumtaja anayesalimiwa. Akisikia “pole” huidhani ni ombi la radhi, kisha hushangaa kwa nini mtu asiye na kosa lolote anamwomba msamaha. Neno “safari”, ambalo kwa Mswahili ni mwendo wowote wa kutoka hapa kwenda pale, limefinywa katika Kiingereza na kubaki matembezi ya kutazama au kuwinda wanyama. Hakuna kati ya wageni hao aliyekosa kulijua neno. Kila mmoja alilijua kwa kiasi cha kumtosha kuacha kuuliza.

Kijapani kinatoa nafasi nzuri ya kulichunguza jambo hilo kihistoria. Kwanza, mawasiliano kati ya Wajapani na wageni wa Ulaya yana kumbukumbu za maandishi za zaidi ya miaka 450. Pili, mfumo wake wa maandishi hutumia herufi za Kichina, kanji, ambazo aghalabu zina usomaji zaidi ya mmoja. Neno laweza kuwa na sura moja katika maandishi na sauti mbili kinywani. Tatu, lugha hiyo hupima kwa makini hadhi ya msemaji na msikilizaji, kiasi kwamba sentensi sahihi kisarufi yaweza kuwa utovu wa adabu.

Katika makala haya, mjifunzaji asiye rasmi ni yule aliyejifunza kwa mahitaji ya papo kwa papo, bila mtaala wala mwalimu wa kudumu. Fasili hii haimaanishi kwamba watu hao walikuwa wazembe. Wengi walijitahidi kadiri ya uwezo wao, na baadhi waliacha maneno yanayotumika hadi leo.

2.0 Dainichi: Jina la Mungu na Mkalimani Mmoja

Tarehe 15 Agosti 1549, padri Francis Xavier wa Shirika la Yesu alishuka Kagoshima, kusini mwa Japani. Miaka saba kabla ya hapo, akielekea Goa, alikuwa amepita katika pwani ya Afrika Mashariki na kusimama Malindi. Hakujua Kijapani. Tegemeo lake lilikuwa Anjirō, Mjapani aliyekutana naye Malaka mwaka 1547 na kubatizwa Goa mwaka uliofuata. Anjirō alikuwa mwerevu na mwenye ari, lakini hakuwa msomi wa dini ya Kibudha. Alipoulizwa neno la kumtaja Mungu Muumba, alitoa “Dainichi”.

Dainichi, ambalo herufi zake zina maana ya Jua Kuu, ni jina la Buddha mkuu katika madhehebu ya Shingon. Xavier na wenzake walihubiri wakiwaita watu wamwabudu Dainichi, na watawa wa Shingon waliwapokea kwa bashasha, kwa kuwa wageni hao walionekana kuleta tawi jingine la imani yao wenyewe kutoka India, nchi ya Buddha. Mnamo 1551, huko Yamaguchi, baada ya kuwahoji watawa hao kwa kina, Xavier alitambua kilichotokea. Alimwagiza mwenzake, Juan Fernández, apite mitaani akitangaza kwamba Dainichi asiabudiwe.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuachana na neno la wenyeji na kutumia la Kilatini, “Deus”, lililotamkwa “Deusu” kwa ulimi wa Kijapani. Wapinzani wakalifananisha mara moja na “dai uso”, yaani uongo mkubwa. Basi neno la kwanza lilikuwa na maana nyingi mno, na la pili likaingia bila maana yoyote, hivyo wasikilizaji wakaijaza nafasi hiyo kwa dhihaka. Swali lilelile liliwakabili baadaye watafsiri wa Biblia katika Afrika Mashariki, nao wakachagua “Mungu”, neno la wenyeji ambalo tayari lilikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani.

Hatua ya maana zaidi ilifuata. Mwaka 1555 padri Baltasar Gago aliandika kuwa alikuwa ametambua maneno zaidi ya 50 ya aina hiyo, ambayo mhubiri aliyatumia kwa maana moja na msikilizaji akayapokea kwa nyingine. Tatizo la neno moja likawa swali la utafiti. Matokeo yake makubwa yalionekana miaka hamsini baadaye, katika kamusi ya Kijapani kwa Kireno iliyochapwa Nagasaki mwaka 1603, pamoja na nyongeza ya 1604, yenye maneno zaidi ya 32,000. Kamusi hiyo haikuishia kutoa visawe. Iliweka alama kuonyesha neno la Kyoto na neno la Kyushu, neno la ushairi, neno la wanawake, na neno la dini ya Kibudha. Waandishi wake walikuwa wamejifunza, kwa gharama ya nusu karne, kwamba maana ya neno haijakamilika hadi atajwe mwenye kulisema.

Ujuzi huo haukupata warithi. Ukristo ulipigwa marufuku kote nchini mwaka 1614, wamisionari wakafukuzwa, na kuanzia 1641 Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara walikuwa Waholanzi waliozuiliwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Wageni waliofuata karne ya 19 walianza upya.

3.0 Bandarini: Taikun na Kijapani cha Yokohama

Mkataba wa 1854 kati ya Japani na Marekani ulijadiliwa kwa Kiholanzi na Kichina, kwa sababu hakuna upande uliokuwa na wataalamu wa kutosha wa lugha ya mwenzake. Nakala ya Kiingereza ilisema balozi mdogo angeweza kuwekwa Shimoda endapo serikali yoyote kati ya hizo mbili ingeona inafaa. Nakala ya Kijapani ilielekea kusema endapo serikali zote mbili zingeona hivyo. Townsend Harris alipowasili kuchukua wadhifa huo mwaka 1856, maofisa wa Japani walishangaa kwa dhati, naye alishangazwa na mshangao wao.

Katika zama hizo ndipo neno “taikun” lilipoanza safari yake. Mtawala halisi wa nchi alikuwa shoguni, lakini juu yake, huko Kyoto, alikuwapo mfalme asiye na nguvu za utawala. Cheo cha taikun kilikuwa kimetumiwa na watawala wa ukoo wa Tokugawa katika mawasiliano na Korea tangu 1636, kwa kuwa kilisikika kikubwa bila kudai ufalme. Mkataba wa Harris wa 1858 ulimtaja taikun kama mwenye enzi ya Japani. Wageni wakadhani wametia saini na mfalme. Ilichukua miaka kadhaa, na machafuko ya kisiasa ndani ya Japani, kabla hawajaelewa kwamba ridhaa ya Kyoto ilikuwa jambo la pekee. Wakati huohuo neno lenyewe lilivuka bahari. Makatibu wa Abraham Lincoln walimwita bosi wao kwa jina hilo kwa utani, na hatimaye katika Kiingereza “tycoon” likawa tajiri mkubwa wa biashara. Cheo cha kidiplomasia kilichobuniwa ili kukwepa swali la nani mfalme kimegeuka jina la mwenye mali.

Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa biashara ya kigeni mwaka 1859. Humo ilizuka lugha ya mseto ya madukani na gatini, iliyokuwa na maneno ya Kijapani, Kiingereza na hata Kimalai. Kijitabu cha mzaha kuhusu lahaja hiyo, kinachojulikana zaidi kwa toleo la 1879, kiliandika maneno ya Kijapani kwa tahajia ya Kiingereza ili yasomeke kama vichekesho. “Omae”, yaani wewe, likaandikwa kama mshangao wa Kiingereza. Nyuma ya mzaha huo kulikuwa na jambo zito. Omae ni neno ambalo mkubwa humwambia mdogo, au mtu humwambia rafiki wa karibu. Mgeni aliyelitumia kwa kila mtu alikuwa akiwashusha hadhi watu wazima, wenye maduka na maofisa, bila kujua.

Kitenzi “arimasu” nacho kilifanywa mtumwa wa kazi zote. Katika Kijapani sanifu arimasu hutumika kwa kuwapo kwa vitu visivyo hai, na “imasu” kwa watu na wanyama. Lahaja ya Yokohama iliacha tofauti hiyo. Mtafiti wa Kiswahili atakumbuka mara moja Kisetla cha nyanda za juu za Kenya, ambamo “iko” ilibeba kila kitu: mtu iko, maziwa iko, mimi iko. Katika bandari ya Yokohama na katika mashamba ya walowezi, mwenyeji alijifunza kuzungumza na bwana kwa lugha ileile iliyovunjika, na bwana akaisikia na kuamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya nchi. Ujifunzaji usio rasmi, unapofanywa na mwenye nguvu, haukosolewi, kwa kuwa anayejua usahihi hana nafasi ya kusahihisha.

4.0 Maneno ya Vita

Vita na habari zake vilisambaza maneno ya Kijapani kwa kasi kuliko biashara. Neno “harakiri” lilijulikana Ulaya na Marekani tangu karne ya 19 kama jina la kujiua kwa kupasua tumbo. Katika Kijapani rasmi kitendo hicho kwa kawaida huitwa “seppuku”. Maneno yote mawili huandikwa kwa kanji zilezile mbili, ya tumbo na ya kukata, ila mpangilio hugeuzwa na usomaji hubadilika. Harakiri ni usemi wa kawaida wa mdomoni, na seppuku ni neno la taratibu na heshima. Wageni walibeba lile la mtaani wakalifanya jina la ibada nzima.

“Kamikaze” lina hadithi inayofanana. Maana yake ni upepo wa miungu, nalo lilihusishwa na dhoruba zilizosaidia kurudisha nyuma majeshi ya Wamongolia mwaka 1274 na 1281. Oktoba 1944, huko Ufilipino, jeshi la majini la Japani liliunda kikosi cha marubani wa kujitoa mhanga na kukipa jina la upepo huo. Usomaji rasmi wa kanji hizo katika jina la kikosi ulikuwa “shinpū”, na kundi zima la mashambulizi hayo huitwa “tokkō” katika Kijapani. Usomaji wa kamikaze ndio uliotawala ng'ambo, na baadaye ukapanuka kumtaja dereva mwendawazimu, kinywaji cha baa, na mlipuaji wa bomu anayejiua katika habari za Kifaransa na Kiitalia. Vyombo vya habari vya Japani, vinapomtaja mlipuaji wa namna hiyo, hutumia istilahi nyingine kabisa. Msomaji wa Kijapani anayekutana na kamikaze katika gazeti la Roma anakutana na mgeni aliyevaa nguo za marehemu wa nyumbani kwake.

Neno la vita linalotajwa zaidi katika mijadala ya tafsiri ni “mokusatsu”. Tarehe 26 Julai 1945 Marekani, Uingereza na China zilitoa Azimio la Potsdam likiitaka Japani isalimu amri. Waziri Mkuu Suzuki Kantarō, mbele ya waandishi wa habari tarehe 28 Julai, alitumia neno hilo lenye kanji za kimya na kuua. Mokusatsu laweza kuwa kunyamazia jambo bila kutoa kauli, na laweza pia kuwa kulipuuza kwa dharau. Shirika la habari la Japani lenyewe lilitoa kwa Kiingereza maana ya kupuuza, na magazeti ya Magharibi yakaripoti kwamba azimio limekataliwa. Bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti.

Tangu makala ya Kazuo Kawai ya 1950, kisa hiki kimerudiwa mara nyingi kama ushahidi kwamba kosa moja la tafsiri liliangamiza mji. Ushahidi hauruhusu hitimisho hilo. Amri ya kutumia bomu ilikuwa imetolewa tarehe 25 Julai, siku tatu kabla ya Suzuki kusema lolote. Tena Suzuki alikuwa akitafuta kauli isiyowaudhi wanajeshi ndani ya serikali yake, na utata wa neno huenda ndio uliompendeza. Mjifunzaji wa leo anayesimulia kisa cha mokusatsu kama ajali ya kamusi analipa neno uzito ambao ulikuwa wa maamuzi ya wanasiasa na majenerali. Hivyo kutoelewa kuna pande mbili: kulipunguzia neno maana yake, na kulibebesha sababu ambazo si zake. Kwa mshauri wa sera, upande wa pili ndio wa hatari zaidi, kwa sababu unawaficha waliofanya uamuzi nyuma ya mkalimani.

Marekani yenyewe ilijua tiba ya ujinga wa lugha. Mwaka 1942 jeshi lake la majini lilihamishia shule yake ya Kijapani Boulder, Colorado, ambako maofisa walisoma kwa takriban miezi 14 bila kazi nyingine, na baadhi ya wahitimu wake, akiwamo Donald Keene, wakawa wasomi wakubwa wa fasihi ya Kijapani. Lakini hao walikuwa wachache. Askari walioikalia Japani hadi 1952 walijifunza barabarani. “Hanchō”, kiongozi wa kikosi kidogo, likawa “honcho”, na Wamarekani wengi leo hulidhani ni neno la Kihispania. “San”, tamko la heshima linalofuata jina la mtu mwingine, lilibandikwa kila mahali, hata msemaji akajitaja nalo mwenyewe. Mswahili ataelewa kasoro hiyo bila maelezo, kwani mtu hajipi shikamoo.

5.0 Kiwanda na Hospitali: Kaizen na S Tano

Afrika Mashariki imeingia katika historia hii kwa mlango wa uzalishaji na huduma. Neno “kaizen” lina kanji za kubadilisha na uzuri. Katika Kijapani cha kila siku ni neno la kawaida la kuboresha: mlo, barabara, mahusiano au sheria vyote vyaweza kufanyiwa kaizen. Kitabu cha Imai Masaaki cha 1986, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kililitangaza duniani kama jina la falsafa ya usimamizi. Neno la nyumbani likarudi likiwa na joho la mwanazuoni, na katika viwanda vya Japani maana hiyo maalumu mara nyingine huandikwa kwa herufi za katakana, ambazo aghalabu hutumika kwa maneno ya kigeni.

Tanzania ilianza kutumia mbinu za S tano na kaizen katika sekta ya afya mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mwanzo, kwa ushirikiano na Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa, JICA. Baadaye mbinu hizo zilienea katika hospitali nyingine na katika viwanda. Zimewasaidia watumishi kupanga stoo, kuweka lebo za dawa na kupunguza muda wa kutafuta vifaa. Hoja ya makala haya haihusu manufaa hayo. Inahusu njia ambayo maneno yenyewe yalipita.

S tano za Kijapani ni “seiri”, “seiton”, “seisō”, “seiketsu” na “shitsuke”. Seiri ni kutenga kinachohitajika na kuondoa kisichohitajika. Seiton ni kupanga kila kitu mahali pake. Seisō ni kufagia na kusafisha. Seiketsu ni hali ya unadhifu na usafi. Shitsuke ni malezi ya adabu, yale ambayo mzazi au mkubwa humpa mdogo hadi yawe tabia yake. Waandishi wa Kiingereza walitaka nao maneno matano yenye herufi S. Kwa matatu ya mwanzo maana haikuharibika sana. La nne, unadhifu, likawa kusanifisha, na la tano, malezi, likawa kudumisha. Kiswahili kilipokea orodha hiyo kutoka Kiingereza na kuhifadhi herufi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Kama kazi ya uundaji istilahi, orodha hiyo ina ustadi. Inakaririka, na inabandikika ukutani. Hata hivyo, mambo mawili yamebadilika njiani. La kwanza ni la kisarufi. Maneno matano ya Kijapani ni nomino zinazotaja kazi na hali, ilhali ya Kiswahili yote ni amri. La pili linahusu wajibu. Shitsuke lina watu wawili ndani yake: anayelea na anayelelewa. Kazi ya S ya tano, kwa maana hiyo, humwangukia kwanza msimamizi, ambaye hana budi kuonyesha, kurudia na kuvumilia hadi mfanyakazi mpya azoee. “Shikilia” lina mtu mmoja tu, yule anayeamriwa. Muuguzi anayelisoma ukutani anaambiwa asilegeze, na hakuna neno linalomkumbusha mkuu wa wodi kwamba kulegea kwa mfumo kwaweza kuwa upungufu wa malezi yake yeye. Ni vigumu kutolihusisha hilo na lalamiko la kawaida kwamba mabadiliko ya namna hii hufifia mradi unapokwisha.

Kiswahili hakikukosa maneno. “Malezi” na “adabu” yapo, na kama herufi S ilikuwa ya lazima, “staha” lingegusa angalau upande wa adabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza Kijapani chenyewe kilisema nini. Wala shitsuke si neno takatifu la kuabudiwa. Huko Japani limetumiwa pia kuhalalisha adhabu ya viboko nyumbani, hata sheria ikarekebishwa mwaka 2019 kuwakataza wazazi kuwaadhibu watoto kwa kuwapiga kwa kisingizio hicho. Anayelichukua neno kamili hulichukua pamoja na mjadala wake.

6.0 Mottainai: Kosa Lenye Tija

Si kila upotofu wa maana ni hasara. Februari 2005, Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004, alizuru Japani na kusikia neno “mottainai”. Mwezi uliofuata aliwaongoza wajumbe katika mkutano wa Umoja wa Mataifa jijini New York kulitamka kwa pamoja. Alilieleza kuwa neno moja linalobeba kupunguza matumizi, kutumia tena na kurejeleza, pamoja na heshima kwa maliasili.

Mjapani wa kawaida hakuwa akilitumia hivyo. Mottainai ni kauli ya bibi anayeona wali umebaki katika bakuli, na pia ni unyenyekevu wa mtu anayepewa sifa au zawadi anayoiona kubwa kuliko stahili yake. Maathai aliukuza upande mmoja na kuuacha wa pili. Lakini alifanya hivyo hadharani, akitaja asili ya neno na akiwa na wenyeji wake wa Kijapani waliolipokea tafsiri hiyo na kuianzishia kampeni nchini mwao. Neno lilirudi nyumbani likiwa na kazi mpya, na wenyeji waliridhia. Hapo ndipo tofauti na taikun au shitsuke inapoonekana: mwenye neno alikuwapo chumbani.

Kisa hiki kinaacha pia swali kwa watafiti wa Kiswahili. “Israfu” ni neno la siku nyingi katika lugha hii, nalo linalaani ufujaji kwa sauti ya maadili inayokaribiana sana na karipio la yule bibi. Ikiwa neno la nyumbani la Kijapani liliweza kufikishwa Umoja wa Mataifa na mwana wa Afrika Mashariki, hakuna sababu ya kilugha ya “israfu” kubaki katika mawaidha peke yake.

7.0 Sikio la Mswahili

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kijapani leo, iwe kwa masomo ya redio ya NHK yanayotolewa kwa Kiswahili au kwa filamu za katuni, wana mtaji ambao wamisionari wa Kireno hawakuwa nao. Silabi za lugha zote mbili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu zote mbili ni tano zilezile. Urefu wa irabu hubadilisha maana katika Kijapani: “obasan” ni shangazi au mama wa makamo, na “obāsan” ni bibi. Kosa hapo huweza kumzeesha mtu ghafla. Anayejua tofauti ya kufa na kufaa ana sikio lililo tayari.

Mtaji huo huo una mtego. “Nani” katika Kijapani huuliza kitu, yaani nini, na katika Kiswahili huuliza mtu. Ukaribu wa sauti humfanya mjifunzaji aamini kuwa amefika. Vivyo hivyo “anata”, linalotafsiriwa wewe katika vitabu vya mwanzo, Mjapani huliepuka mbele ya mkubwa wake na badala yake hutaja jina au cheo. Na “kekkō desu”, ambalo kamusi huandika ni vizuri, mara nyingi ni njia ya upole ya kukataa unapokaribishwa kitu. Aliyekaribishwa chakula akajibu “starehe” hazungumzii anasa, na kila Mswahili anajua hilo. Ujuzi huo wa adabu ya lugha ya kwanza ndio msaada mkubwa zaidi, endapo mwalimu atauita kazini.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kuanzia Dainichi hadi shitsuke, njia imekuwa ileile: neno lilitolewa na mpatanishi mmoja, likapokewa kwa haraka na mwenye haja, likakosa mtu wa kulihoji, kisha likazoeleka. Pale lilipohojiwa, kama Gago alivyofanya mwaka 1555, kosa lilizaa maarifa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, istilahi yoyote yenye asili ya Kijapani, Kichina, Kikorea au lugha nyingine inayofika kupitia Kiingereza ihakikiwe katika lugha ya asili kabla ya kusanifiwa. BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinaweza kulifanya hilo kwa gharama ndogo, kwa kuwa wataalamu wenye lugha zote mbili wapo, wakiwamo waliosoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Osaka. Pili, kamusi na miongozo ya istilahi ionyeshe matumizi pamoja na kisawe: nani hulisema neno, kwa nani, na katika shughuli gani, kama kamusi ya Nagasaki ilivyofanya mwaka 1603. Tatu, miongozo ya S tano itakapopitiwa upya, S ya tano ijadiliwe na wauguzi na wakuu wa wodi kwa maana yake ya malezi, ili ijulikane kazi hiyo ni ya nani. Uamuzi wa kubadilisha neno au kulibakiza utakuwa wao, lakini watauamua wakijua kilichoachwa njiani.